Kuvu Isiyotafutwa: Mapafu ya Nairobi Baada ya Virusi

Mgonjwa amelazwa kwa ugonjwa mkali wa virusi: mafua makali, au Korona, au UKIMWI uliokomaa. Anatiwa oksijeni, anapata nafuu kidogo, jamaa wanaanza kupanga siku ya kumrudisha nyumbani. Wiki ya pili anazidiwa upya. Homa inarudi, oksijeni inashuka, picha ya kifua inaonyesha madoa ambayo hayakuwapo. Amezidiwa na nini? Katika wodi nyingi za Nairobi majibu huwa matatu: virusi vyenyewe vimemshinda, bakteria wameingia, au ni kifua kikuu. Jibu la nne, kwamba kuvu imeota ndani ya mapafu yaliyojeruhiwa na virusi, huandikwa kwenye faili kwa nadra sana.

Uchache huo, kwa maoni yangu, unatokana zaidi na kutotafutwa kuliko na kutokuwapo. Nairobi imeulizwa swali hili mara mbili katika kizazi kimoja. Mara ya kwanza, wakati wa UKIMWI, kuna waliojisumbua kutafuta wakapata. Mara ya pili, wakati wa Korona, mji ulikuwa na sababu nyingi za kutotafuta, baadhi zikiwa za haki kabisa, na matokeo yake ni kwamba hadi leo tunajadili jambo hili kwa kuazima tarakimu za Ulaya na India.

Tuanze na UKIMWI, kwa kuwa ugonjwa huo wenyewe ulijitambulisha kwa kuvu. Tarehe 5 Juni 1981, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilichapisha taarifa fupi kuhusu wanaume watano wa Los Angeles waliopatwa na nimonia ya Pneumocystis, maradhi ambayo hadi hapo yalionekana kwa watu ambao sababu ya kuvunjika kwa kinga yao ilijulikana, kama vile wagonjwa wa saratani. Wataalamu wa siku hizo walidhani Pneumocystis ni protozoa. Mwaka 1988 uchunguzi wa chembe zake za urithi ukaonyesha kuwa ni kuvu. Kenya nayo ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza wa UKIMWI mwaka 1984.

Kwa miaka mingi baadaye ilisemekana kwamba nimonia hiyo ni nadra Afrika. Mwafrika mwenye virusi vya UKIMWI (VVU), ilidaiwa, hufa kwa kifua kikuu au bakteria kabla kinga yake haijashuka hadi pale kuvu inaponufaika. Kulikuwa na ukweli kiasi katika dai hilo, kwa sababu kifua kikuu kiliua na bado kinaua wengi. Lakini dai hilo lilikaa juu ya msingi dhaifu: kuvu hii haionekani kwa kipimo cha makohozi kilichokuwa cha kawaida katika hospitali zetu. Ukipima kwa chombo kisichoweza kuona, huwezi kujisifu kwamba hukuona kitu.

Hospitali ya Mbagathi, iliyo karibu na Kibera, ilijengwa miaka ya 1950 kwa ajili ya magonjwa ya kuambukiza. Kati ya mwaka 1999 na 2000, Dkt Jeremiah Chakaya na wenzake walichukua pale wagonjwa wenye VVU waliokuwa wakikohoa na kuhema, ambao makohozi yao hayakuonyesha kifua kikuu. Wakawashushia mapafuni mrija wenye kamera, wakaosha pembe ya pafu kwa maji ya chumvi, wakayapeleka maji yale maabara. Kati ya wagonjwa 51 waliopimwa hivyo, 19 walikuwa na Pneumocystis. Ni zaidi ya theluthi moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2003 katika East African Medical Journal.

Tusiyatwishe matokeo hayo mzigo usio wao. Wagonjwa walikuwa wachache, tena walikwisha kuchujwa, kwa hiyo hakuna awezaye kusema kwamba theluthi ya wagonjwa wote wa UKIMWI jijini walikuwa na kuvu hiyo. Kinachobaki bila ubishi ni hiki: bila ule mrija, wengi wa watu hao 19 wangeandikiwa kifua kikuu kisichoonekana kwa hadubini, wakapewa vidonge vya miezi mingi, na huenda wakafa ndani ya wiki chache kwa ugonjwa unaotibika kwa Septrin ya dozi kubwa. Septrin! Kidonge ambacho kila aliyewahi kuhudhuria kliniki ya VVU Kenya anakijua, kwa sababu kwa miaka mingi kilitolewa kila siku kama kinga. Maisha mengi yaliokolewa na kidonge hicho na watu ambao huenda hawakuwahi kusikia jina Pneumocystis.

Virusi vya UKIMWI hufungulia kuvu mlango polepole, kwa miaka, kwa kula askari wa kinga mmoja mmoja. Mafua makali na Korona hufanya kazi hiyo kwa siku. Virusi hivi hushambulia ngozi laini inayofunika njia za hewa kwa ndani, ile yenye vinyweleo vinavyofagia uchafu kuelekea kooni. Ngozi ikichubuka, vinyweleo vikafa, kilichovutwa na pumzi hukaa. Wakati huohuo kinga ya mwili inakuwa imechachamaa upande mmoja na kulemaa upande mwingine: uvimbe mwingi, lakini seli zinazopaswa kumeza spora za kuvu zimechoka au zimepotoshwa. Daktari naye, kwa nia njema na mara nyingi kwa usahihi, anaongeza dawa za kutuliza uvimbe, ambazo zinaishusha kinga zaidi. Na viuavijasumu vikali vinaua bakteria waliokuwa wakigombania nafasi na kuvu.

Spora zenyewe hazihitaji kutoka mbali. Jamii ya kuvu iitwayo Aspergillus Wakenya wanaifahamu kupitia sufuria ya ugali. Ndiyo inayotia sumukuvu katika mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Mwaka 2004, Makueni na Kitui zikiwa katikati ya mkasa, watu 317 waliugua na 125 wakafariki, na Machi 2021 serikali ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa hofu ya sumu hiyohiyo. Sumu hiyo hutoka hasa kwa Aspergillus flavus. Ndugu yake, Aspergillus fumigatus, huishi katika majani yanayooza, udongo, mbolea ya takataka na kuta zenye majimaji. Spora zake zina upana wa mikromita mbili au tatu, kwa hiyo zinapenya hadi mwisho wa pafu, na kila mmoja wetu anazivuta kwa mamia kila siku, awe Lavington chini ya miti au Kawangware katika chumba cha mabati ambacho masika hakikauki. Mtu mzima wa afya hazimdhuru. Ndiyo maana haifai kuogopesha watu kuhusu hewa ya mji: kinachobadilika ni pafu.

Ulaya walilitambua hili kupitia mafua kabla ya Korona. Watafiti wa Uholanzi na Ubelgiji walipitia faili za wagonjwa 432 wa mafua makali waliolazwa katika vyumba vya mahututi kati ya mwaka 2009 na 2016, na wakachapisha mwaka 2018 kwamba asilimia 19 walipata maambukizi ya Aspergillus mapafuni. Katika kundi hilo, nusu walikuwa wamekufa ndani ya siku 90. Kwa wale wasio na kuvu ilikuwa asilimia 28. Baadhi ya waliopatwa hawakuwa na upungufu wowote wa kinga kabla ya mafua. Hilo la mwisho ndilo lililowashtua madaktari, kwa sababu vitabu vilikuwa vimewafundisha kuitafuta kuvu hii kwa wagonjwa wa saratani ya damu na waliopandikizwa viungo.

Kisha ikaja Korona. Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alitangaza mgonjwa wa kwanza wa Kenya tarehe 13 Machi 2020, na Mbagathi, kwa mara nyingine, ikawa mlango wa kuingilia, kwa wodi ya karantini iliyotayarishwa haraka. Utafiti mmoja kuhusu uwezo wa hospitali ulihesabu vitanda 537 vya wagonjwa mahututi nchi nzima na mashine 256 za kupumulia, na kaunti zenye angalau chumba kimoja cha mahututi zilikuwa 22 tu kati ya 47. Sehemu kubwa ya vitanda hivyo ilikuwa Nairobi, hasa katika ukanda unaoanzia Upper Hill, ilipo Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, hadi Parklands, ilipo Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan.

Juni 2020 jaribio la RECOVERY la Uingereza lilionyesha kuwa deksamethasoni, dawa ya zamani na ya bei rahisi, hupunguza vifo kwa takriban theluthi miongoni mwa wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia. Kipimo kilikuwa miligramu 6 kwa siku, kisizidi siku 10. Kwa nchi kama yetu hiyo ilikuwa habari njema kuliko chanjo ambayo bado haikuwapo. Lakini dawa hiyo ina makali kuwili. Ikitumiwa kwa mgonjwa asiyehitaji oksijeni haimsaidii, na Shirika la Afya Duniani lilionya hivyo Septemba mwaka huohuo. Ikizidishwa dozi au siku, inampandisha mgonjwa sukari na kuizubaisha kinga, na hapo kuvu hupata shamba.

India ndiyo iliyolipa gharama hiyo hadharani. Mwaka 2021, wimbi la Korona aina ya Delta likiwa juu, nchi hiyo iliripoti zaidi ya wagonjwa 40,000 wa ile iliyoitwa kuvu nyeusi, maradhi ya kuvu za jamii ya Mucorales ambayo hula pua, tundu la jicho na wakati mwingine mapafu. Wengi walikuwa na kisukari kisichodhibitiwa na walikuwa wamepewa dawa za kutuliza uvimbe. Kenya ilikuwa na Delta, iliyobainika Kisumu Mei mwaka huo, na ina kisukari cha kutosha, lakini mlipuko wa aina hiyo haukuonekana. Sioni sababu ya kudai kwamba ulifichwa: uso unaooza hauwezi kufichika, hata katika hospitali isiyo na maabara. Kuvu ya mapafu ndiyo inayofichika. Anayekufa nayo akiwa kwenye mashine huandikiwa Korona kali, na cheti cha kifo hakina kosa la wazi.

Kwa nini haikutafutwa? Kipimo bora ni yaleyale maji ya kuosha pafu, yakichunguzwa kwa hadubini, kuoteshwa, na kupimwa galaktomanani, sukari inayotoka kwenye ukuta wa kuvu. Kushusha mrija katika koo la mgonjwa wa Korona kulimaanisha kumrushia daktari virusi usoni, wakati barakoa za kutegemewa zilikuwa adimu na wahudumu wa afya walikuwa wakifa. Hospitali nyingi duniani zilisitisha kazi hiyo, si zetu pekee. Kumpeleka mgonjwa wa mashine kwenye chumba cha picha za CT nako ni safari ya hatari. Kipimo cha damu kwa ugonjwa huu hukosa wagonjwa wengi. Lawama kwa mtu mmoja mmoja, basi, haina nafasi hapa. Ninacholaumu ni kwamba hofu ilipopungua, vipimo havikuongezeka.

Kuna upande wa pili wa hoja, na una nguvu. Kukuta Aspergillus katika njia ya hewa hakumaanishi kwamba inaila. Inaweza kuwa imepanga tu, kama mpangaji asiyelipa wala kuvunja. Ndiyo sababu ripoti za Ulaya kuhusu Korona zilitofautiana mno: baadhi ya wodi zilisema hazikupata mgonjwa hata mmoja, nyingine zikasema karibu theluthi. Tofauti kubwa kiasi hicho haiwezi kuwa ya kuvu. Ni ya vipimo na ya tafsiri. Wataalamu wa kimataifa walikubaliana juu ya vigezo vya pamoja, lakini vigezo hivyo vinategemea yaleyale maji ya pafu.

Kwa kandida uangalifu unahitajika zaidi. Kuvu hii ikioteshwa kutoka kwenye makohozi ya mgonjwa wa mahututi, karibu kila mara ni mkazi wa kinywa, na kuitibu kama nimonia ni kupoteza pesa. Hatari yake iko kwenye damu. Hapa Nairobi ina ushahidi wake wenyewe: uchunguzi wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan kuhusu miaka 2010 hadi 2016, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta wagonjwa 201 wenye kandida kwenye damu, na 77 kati yao, yaani asilimia 38, walikuwa na Candida auris, iliyoipita hata Candida albicans iliyozoeleka. Candida auris ilielezwa kwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009. Inashika kwenye vitanda na mikono, na haisikii flukonazoli. Si ugonjwa wa mapafu, ila nimeitaja kwa sababu inaonyesha hospitali moja yenye maabara nzuri ikitafuta kwa makini inaweza kuona nini.

Matibabu yana mitego yake ya kienyeji. Flukonazoli, inayopatikana karibu kila mahali na ndiyo dawa ya kuvu inayokuja kwanza kichwani mwa wengi, haiui Aspergillus. Inayohitajika ni vorikonazoli, au isavukonazoli, au amfoterisini. Vorikonazoli iliingizwa katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2017, lakini kuwa kwenye orodha ya Geneva na kuwa kwenye rafu ya duka la dawa la hospitali ya umma ni mambo mawili. Halafu kuna kifua kikuu. Rifampisini, uti wa mgongo wa tiba ya kifua kikuu, hulifanya ini liivunje vorikonazoli haraka kiasi kwamba haifai kutumiwa pamoja nayo. Kwa hiyo daktari anayeanzisha dawa za kifua kikuu kwa kubahatisha, bila kipimo kilichothibitisha, anaweza kuwa amejifungia mlango wa tiba ya kuvu. Jambo hilo halina uzito Amsterdam. Nairobi lina uzito kila siku.

Tena kuna mashamba. Dawa za kunyunyizia maua na ngano ni za jamii moja ya kikemia na vorikonazoli. Aspergillus ya udongoni ikizizoea, inaingia pafuni ikiwa tayari sugu, kwa mgonjwa ambaye hajawahi kumeza dawa hiyo hata mara moja. Uholanzi waliliona hili zamani. Mwaka 2014 kuvu sugu ya aina hiyo iliripotiwa kutoka udongo wa Tanzania, na mwaka 2018 watafiti, Dkt Christine Bii wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu ya Kenya (KEMRI) akiwa miongoni mwao, walichapisha uchunguzi wa udongo wa Naivasha na Nairobi ulioonyesha usugu katika mashamba yaliyozoea kunyunyiziwa Naivasha. Sekta ya maua inaajiri watu wengi na sitaki kuizika kwa sentensi moja, lakini ni ajabu kwamba mjadala wa dawa hizo nchini humalizikia kwenye masoko ya Ulaya na ngozi ya mfanyakazi, wala haufiki hospitalini.

Bii huyohuyo alikuwa kati ya waliochapisha mwaka 2016 makadirio kwamba karibu asilimia 7 ya Wakenya wana maambukizi ya kuvu ya aina moja au nyingine, mengi yakiwa ya mapunye na ya ukeni. Ni makadirio yaliyopatikana kwa kupiga hesabu, tena hesabu nyingine za kuazima, kwa kuwa daftari la wagonjwa waliopimwa halipo. Linganisha na virusi. Huko Gatwekera, Kibera, KEMRI na CDC ya Marekani wamefuatilia kaya tangu katikati ya miaka ya 2000, wakichukua vijiti vya pua na kuhesabu virusi vya mafua na vinginevyo. Mji unajua virusi vyake nyumba kwa nyumba. Kuvu haikai kwenye kijiti cha pua, na hivyo haimo kwenye hesabu.

Pesa nazo zimegawa jibu. Kutoka Kangemi au Kawangware hadi Upper Hill ni safari ya matatu moja au mbili, lakini mgonjwa aliyelazwa hospitali ya umma na yule wa hospitali kubwa ya kibinafsi wametenganishwa na zaidi ya barabara. Wa pili ana nafasi nzuri ya kupigwa CT na kushushiwa mrija ndani ya siku moja, endapo familia itaweza kulipa. Na mara nyingi malipo hayo hutoka kwa kundi la WhatsApp na michango ya M-Pesa inayokauka wiki ya tatu, wakati dawa ya kuvu huhitaji wiki sita au zaidi. Wa kwanza anabaki na picha ya eksirei na busara ya daktari wa zamu. Oktoba 2024 bima ya NHIF ilibadilishwa kuwa Mamlaka ya Afya ya Jamii; kadi imebadilika, lakini mgonjwa wa namna hii hutegemea dawa na vipimo vilivyopo siku hiyo.

Na UKIMWI haujaondoka. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kliniki za VVU zilizotegemea fedha hizo nchini zikatikiswa. Anayekosa dawa kwa miezi anarudi kule walikokuwa wagonjwa wa Mbagathi mwaka 1999: kinga chini, kikohozi kikavu, makohozi yasiyo na kifua kikuu.

La kufanya halihitaji kununua mirija ya kamera kwa kila hospitali ndogo. Maji yanayofyonzwa kutoka kwenye mrija wa mgonjwa aliye kwenye mashine yanaweza kupimwa bila kumhatarisha zaidi, ingawa jibu lake si imara kama la maji ya pafu. Galaktomanani ina kipimo cha haraka cha kijiti, kinachotoa jibu ndani ya saa moja hivi, na maabara moja ya rufaa ya umma jijini ingetosha kuhudumia hospitali za kuanzia Mbagathi hadi Kikuyu, pikipiki zikibeba sampuli. Mashine za GeneXpert zilizotapakaa kwa ajili ya kifua kikuu zimetupa kitu ambacho madaktari wa mwaka 1999 hawakuwa nacho: jibu la uhakika kiasi, siku ileile, kwamba huyu hana kifua kikuu. Jibu hilo lingepaswa kuwa mwanzo wa swali la kuvu. Kwa sasa mara nyingi ndilo mwisho wa uchunguzi.

Kitu cha mwisho kinachokosekana ni uchunguzi wa maiti, na watu hawapendi kulisikia jambo hilo. Bila kuchunguza waliokufa, hakuna atakayejua kuvu iliua wangapi. Kisumu na Siaya, mradi wa CHAMPS umeonyesha kwamba familia hukubali sampuli ndogo za sindano zichukuliwe kwa watoto waliofariki, bila kupasua mwili, zikielezwa kwa heshima sababu yake. Nairobi ingefanya hivyo kwa watu wazima wanaofia vyumba vya mahututi kwa ugonjwa wa virusi, hata kwa mwaka mmoja tu, tungekuwa na tarakimu yetu.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu hatari zaidi, 19 kwa jumla. Aspergillus fumigatus na Candida auris ziliwekwa katika daraja la juu kabisa. Wizara ya Afya na KEMRI hazina haja ya kusubiri janga jingine ili orodha hiyo iwe na kazi Kenya.

Nawe msomaji, ikiwa una mgonjwa hospitalini kwa mafua makali au Korona, amepewa dawa za kutuliza uvimbe, alianza kupona kisha akazidiwa, na kipimo cha kifua kikuu hakikuonyesha kitu, muulize daktari kwa adabu kama kuvu imepimwa. Na usimnunulie deksamethasoni nyumbani mtu ambaye hana upungufu wa oksijeni.